Maswali ya Wasomaji: Hombolo, Singidani na Kindai, Kabla Hujaingia Majini

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu matembezi ya kando ya maji: bwawa la Hombolo kwa wakazi wa Dodoma, na maziwa mawili yaliyo mjini Singida, Singidani na Kindai. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu wengi wanayachukulia maji haya kama ni kitu kimoja, na sivyo. Hombolo ni bwawa lililojengwa mwaka 1957, linajazwa na maji ya mvua yanayoletwa na mto Kinyasungwe. Singidani na Kindai ni maziwa ya asili yasiyo na mto wa kutoka. Maji yake yanapungua kwa kukaushwa na jua na upepo, chumvi inabaki. Tahadhari unayopaswa kuchukua, samaki utakaowapata na hata ndege utakaowaona vinategemea tofauti hiyo.

Shikamooni wahariri. Jumapili huwa tunawapeleka watoto Hombolo. Jirani yangu anasema mtoto akikaushwa kwa taulo mara tu anapotoka majini, kichocho hakimpati. Ni kweli? — Mama wa watoto watatu, Ilazo, Dodoma

Marahaba mama. Usilitegemee taulo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye matete na majani, penye maji yaliyotulia na kina kifupi, yaani pale pale watoto wanapopenda kuchezea. Kijidudu kikigusa ngozi kinahitaji dakika chache tu kupenya. Kujisugua upesi kunaweza kumsaidia kidogo mtu aliyerukiwa na maji kwa bahati mbaya, lakini mtoto aliyecheza majini nusu saa tayari vimeshaingia wakati mama bado anatafuta taulo.

Konokono hawa humwaga vijidudu kwa wingi jua likiwa kali, takriban kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Ndio muda wenyewe wa familia kuwa bwawani. Kwenda mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi. Ushauri wetu kwa bwawa lolote la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, Kanda ya Kati ni huu: lichukulie kuwa lina kichocho mpaka wataalamu waseme vinginevyo, na watoto wasiingie. Wabebeeni maji ya bomba kutoka nyumbani. Madumu matatu ya lita 20 na beseni kubwa yanatosha watoto watatu kuchezea na kunawa. Maji ya bwawani nayo yanaweza kutumika kunawia ikiwa yamechemshwa, au yamekaa saa 48 kwenye chombo kilichofunikwa kisicho na konokono wala majani ya bwawani. Anayelazimika kukanyaga maji kwenda kupanda mtumbwi avae buti za mpira, na maji yasipite juu ya buti.

Kama watoto wameshaogelea, usiwapeleke kupima kesho yake, kwa sababu majibu yatakuwa safi na yatakudanganya. Minyoo inahitaji muda kukomaa na kutaga. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu siku ya mwisho waliyoingia majini. Mkojo wa kupima uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai hutoka kwa wingi, na yale matone ya mwisho ya haja yaingie kwenye kichupa, maana ndiyo yenye mayai mengi. Mtoto akipata homa, muwasho au kikohozi ndani ya wiki hizo usisubiri. Nenda kituo cha afya, na utaje wazi kwamba alikuwa bwawani, la sivyo atatibiwa malaria au mafua. Damu kwenye mkojo nayo haisubiri tarehe.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kwa vidonge vya miligramu 600, mtoto wa kilo 30 anapata viwili. Apewe kituoni baada ya kupimwa uzito, akiwa ameshiba, maana ikimezwa tumbo likiwa tupu humpa kichefuchefu. Dawa hii haiui minyoo michanga, ndiyo sababu anayeimeza siku mbili baada ya kuogelea anaweza kubaki na ugonjwa. Wala haimkingi mtu na maambukizi mapya.

Na jambo moja linasahauliwa sana, mama: mayai yanafika bwawani kwa mkojo na kinyesi cha watu. Watoto wapelekwe chooni. Mtoto anayekojoa majini ndiye anayewaambukiza konokono, na konokono hao ndio wanaowaambukiza watoto wa wengine Jumapili inayofuata.

Basi sisi wa Singida tumepona, maana maji yetu yana chumvi. Au siyo? — Msomaji wa Utemini

Kwa kichocho mna nafuu, ndugu yetu. Konokono wake hawastahimili chumvi nyingi. Lakini angalia pale vijito na mitaro inapoingilia: wakati wa mvua maji ya hapo ni baridi na chumvi imezimuliwa, kwa hiyo kinga hiyo haipo. Mitaro hiyo hiyo inaleta uchafu wa mji, vyoo vilivyofurika vikiwemo. Baada ya mvua kubwa kaeni nje ya maji angalau siku 3, na mvua za kwanza za msimu ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinasomba takataka za miezi yote ya kiangazi.

Maji yakiwa ya kijani mazito kama rangi ya ukutani, na utando umejikusanya upande upepo unakosukumia, huo ni mwani ambao baadhi yake una sumu. Mtoto asiingie, mbwa asinywe. Siku nyingine, ukitoka majini jimwagie maji ya bomba mwili mzima na usisahau macho. Magadi yakikaukia kwenye ngozi yanawasha.

Nafundisha shule ya msingi na nataka kuwapeleka wanafunzi 45 kuwaona flamingo Singidani. Niende lini, nisimame wapi? — Mwalimu, Manyoni

Mwalimu, kabla ya kulipia basi piga simu Singida uulize kama ndege wapo wiki hiyo. Flamingo hawana ziwa moja. Wanahama usiku kutoka ziwa hadi ziwa wakifuata chakula, na ziwa lililokuwa la waridi wiki iliyopita laweza kuwa tupu leo. Mvua kubwa ikizimua chumvi, mwani wanaoula hupungua nao huondoka.

Fika kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na msimame upande wa mashariki mkitazama magharibi, jua likiwa mgongoni. Mkisimama upande wa pili mtaona vivuli vyeusi tu. Darubini nzuri kwa watoto ni ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42: ya 8 inakuza vya kutosha na haitikisiki kama ya 12 mikononi mwa mtoto. Wagawe makundi matatu ya 15, kila kundi na mtu mzima wake na darubini yake, na makundi yapokezane kusogea.

Wafundishe kutofautisha aina mbili. Flamingo mdogo ana urefu wa sentimita 80 hadi 90 na mdomo mwekundu uliokolea kuelekea weusi. Mkubwa anazidi sentimita 120, mwili wake umepauka zaidi, mdomo ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo anakula akipitisha mdomo juu juu ya maji, kichwa kimepinduka, akichuja mwani. Mkubwa anauzamisha mpaka kwenye tope kutafuta wadudu. Ukitazama dakika tano utaona tofauti hiyo hata kabla ya kuona rangi ya mdomo.

Umbali unaamuliwa na ndege wenyewe. Wakiwa wameinamisha vichwa wanakula, mko sawa. Vichwa vikinyanyuka kwa pamoja na kundi likaanza kutembea upande mmoja, mmesogea mno, rudini nyuma. Kuwarusha kwa makusudi ili wapigwe picha ni ukatili. Kila wanaporuka wanaunguza nguvu waliyoitafuta asubuhi nzima.

Hatari kwa watoto hapo ni tope. Kiangazi maji yakirudi nyuma huacha gamba jeupe la chumvi linaloonekana gumu, na chini yake kuna udongo laini unaommeza mtu mpaka magotini. Mtangulizi ashike fimbo: ikizama zaidi ya sentimita 10 kwa kuisukuma kwa mkono mmoja, hapo ndiyo mwisho wa kundi. Aliyekwama asivute mguu mmoja kwa nguvu, kwa sababu uzito wote unahamia mguu wa pili nao unazama zaidi. Aegemee nyuma kama anayekaa, atandaze mikono, halafu autikise mguu taratibu ili maji yaingie kati ya mguu na tope. Tope likilegea, mguu unatoka, pengine bila kiatu. Anayemwokoa alaze ubao au tandiko gumu na kulala juu yake, asimsogelee akiwa amesimama.

Tuko vijana sita, tunataka kukodi mtumbwi wa mvuvi tuzunguke ziwa. Tutajuaje kama ni salama? — Kijana wa Mandewa, Singida

Anzeni na upepo. Singida ni mji wa upepo, hasa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, unapovuma kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki. Tazameni maji kabla ya kutazama mtumbwi. Mawimbi yakiwa na povu jeupe hapa na pale, upepo umefika kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, na watu wasiozoea kasia wasitoke. Povu likitapakaa kila mahali, hata mvuvi mzoefu anarudi.

Mwelekeo una maana kuliko nguvu. Upepo ukiwapiga mgongoni mkiwa ufukweni, maji ya karibu yataonekana shwari kwa sababu nchi kavu inayakinga, na mtasukumwa kwenda katikati bila kuvuja jasho. Tabu inaanza mnapogeuza. Kwa hiyo anzeni kwa kupiga kasia kuukabili upepo, mkiwa na nguvu, ili mkichoka uwarudishe wenyewe.

Kisha mtumbwi. Mkae wote sita kwenye maji ya magotini na mpime ukingo: kutoka usawa wa maji hadi juu ya ubao tunataka angalau sentimita 30. Ikipungua, shukeni wawili na mwende kwa zamu. Kuwe na chombo cha kufutia maji, kasia la akiba, na kila mtu akae chini. Mitumbwi mingi hupinduka pale mtu anaposimama kupiga picha au kubadilishana nafasi.

Jaketi okozi lisomwe lebo. Ya daraja la nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu) ni ya mtu anayejua kuogelea, karibu na msaada. Asiyejua achukue ya 100 au zaidi. Lebo inaonyesha pia uzito wa mvaaji. Funga vifungo vyote, mwenzako ashike mabegani alivute juu: likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno, litakuvuka majini. La mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bonyeza sponji ndani: ikibaki imebonyea, au jaketi ni zito kama limelowa wakati ni kavu, limekufa, hata kama rangi bado inang'aa. Na jaketi lililokaliwa kama mto siku nzima linaishia hivyo hivyo.

Mkipinduka, shikeni mtumbwi. Wa mbao unaelea hata ukijaa maji, na mtu anayeogelea peke yake kuelekea ufukweni ndiye tunayempoteza. Anayebaki nchi kavu awe na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kamba ya mita 15, ndani kuna maji glasi moja ili lirushike mbali. Dumu hilo linamuelesha mtu mzima aliyelikumbatia. Rusha dumu, usirukie wewe. Anayezama humkaba anayemwokoa.

Wakati wa mvua hesabuni sekunde kati ya radi kumulika na ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10. Tokeni majini, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu aliyezama akitolewa, tumeona watu wanamshika miguu na kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Inasaidia? — Msomaji wa Chamwino

Haisaidii, inamuua. Anachokosa ni hewa, na kila sekunde ya kumning'iniza au kumkandamiza tumbo ni sekunde asiyopumua. Juu ya hayo, kinachotoka ni maji ya tumboni, nayo yanaweza kuingia mapafuni.

Mlaze chali mahali pagumu. Mmoja apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112. Inua kidevu, tazama kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10. Hapumui? Ziba pua yake, mpulizie mdomoni pumzi 5, kila moja mpaka kifua kiinuke. Halafu kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, tena 30. Endelea bila kukata tamaa mpaka apumue au msaada ufike. Akitapika mgeuze ubavu, mfute mdomo, endelea. Aliyezinduka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema ni mzima, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.

Nataka kuvua kwa ndoana Hombolo, mambo ya mapumziko tu. Nitumie nini? — Mfanyakazi, Njedengwa, Dodoma

Kwanza muone ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakuhusu hata kama hauzi samaki.

Kwa perege chukua ndoana namba 8 au 10, mshipi wa milimita 0.25, chubwi dogo la kuzamisha ndoana, na boya ambalo unaweza kulikata kutoka kwenye kandambili kuukuu. Chambo ni mnyoo wa ardhini au ugali mgumu uliokandwa na unga kidogo usimeguke majini. Acha sentimita 50 hadi 100 kati ya boya na ndoana, karibu na matete. Kosa la wengi ni ndoana kubwa: mdomo wa perege ni mdogo, anang'ata ugali kidogo kidogo mpaka unaisha na wewe unasema bwawa halina samaki.

Kambale anataka jioni na chini kabisa: ndoana kubwa, namba 1/0 au 2/0, mshipi wa milimita 0.40 hadi 0.50, utumbo wa kuku. Mshike nyuma ya mapezi ya kifuani, maana yana miiba na mchomo wake unavimba. Mshipi uliokatika urudi nao nyumbani, ukibaki kwenye matete unanasa miguu ya ndege.

Singidani ni habari nyingine. Maziwa ya chumvi ya Tanzania, kama Manyara, Eyasi na Kitangiri, yana perege wao, Oreochromis amphimelas, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Mdogo mrudishe.

Nina eneo kando ya ziwa Kindai. Naweza kujenga kibanda cha kuku choma? — Mzee, Singida

Shikamoo mzee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bwawa. Kwa hatua za mtu mzima ni kama 80. Usipimie kwenye maji ya Oktoba. Tafuta alama ya juu maji yalipofika msimu wa mvua nyingi: mstari wa takataka kavu, au pale majani ya nchi kavu yanapoanzia. Maziwa haya yasiyo na mto wa kutoka hupanda sana miaka ya mvua nyingi, na kibanda kinachoonekana mbali leo kinaweza kuamka majini. Muone ofisa mazingira wa manispaa kabla ya kununua tofali, na kwa habari ya kuchota maji ya ziwa muulize Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo ofisi zake ziko hapo hapo Singida.

Tunaruhusiwa kuchoma kuku juu ya yale majabali ya ziwani? — Kikundi cha wanachuo, Singida

Tunaomba msifanye hivyo. Granaiti ikipashwa moto upande mmoja inatanuka upande huo tu, na unyevu ulio kwenye nyufa unageuka mvuke. Jiwe linabanduka kwa mlio, na vipande vinarukia macho. Doa jeusi nalo linabaki miaka.

Tumieni jiko la mkaa lenye miguu, juu ya udongo mtupu, mita 3 kutoka kwenye nyasi. Kuku wa kienyeji wa Singida ni mgumu: mchemsheni nyumbani dakika 40 na chumvi na tangawizi, ziwani mnamalizia tu. Subirini mkaa ufunikwe na majivu meupe, dakika 20 hadi 30. Mkimaliza, mwagieni maji, koroga, mwagieni tena, mpaka mgongo wa mkono ukae juu yake bila kuungua. Mkaa uliofukiwa mchangani unabaki wa moto kwa saa nyingi na mtoto wa peku ndiye atakayeukanyaga. Chakula kibebeni kwenye vyombo au vikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Baiskeli yangu inapata pancha kila nikizunguka ziwa. Tatizo ni tairi? — Msomaji wa Misuna

Ni mbigili, zile mbegu zenye miiba zilizotapakaa kwenye njia za pembeni baada ya mvua. Ukiona umeikanyaga usiing'oe njiani kama upepo bado haujatoka, maana mwiba wenyewe unaziba tundu. Endesha mpaka mahali pa kuziba. Ukiziba, sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni, ngoja dakika 5 ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Wengi wanabandika ingali mbichi, na kiraka kinaachia siku hiyo hiyo. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitanasa kwenye kila ncha iliyobaki, na kwa kawaida haiwi moja.